Paa likivuja pesa hakuna, nyumba ikianguka pesa zinapatikana

Juzi nimepata imeili ya wafadhili niliyoisubiri miezi minne. Kila asubuhi nilikuwa nashika simu kabla hata sijanawa uso. Mistari sita tu. Wanatushukuru, andiko letu limewagusa, ila mfuko wao hautoi pesa za matengenezo ya kawaida, na isitoshe kiasi tulichoomba hakifiki kiwango chao cha chini. Yaani tumenyimwa kwa sababu tumeomba kidogo! Nimeisoma mara tatu.

Tulichoomba ni hiki. Kuna nyumba huku Mji Mkongwe, Zanzibar, ghorofa mbili, familia tatu zinaishi humo, na paa linavuja kona moja pale bati linapokutana na ukuta. Nilipanda na fundi mmoja mtu mzima, amejenga kwa chokaa maisha yake yote. Akakwangua plasta kwa kucha ikamwagika kama unga. Halafu akatoa bisibisi akaichomeka kwenye kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani, ikazama mpaka kwenye mpini. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, hii bado tunaiwahi. Zikipita masika mbili hatuiwahi tena." Alichotaka ni boriti tatu, mabati machache, gata, magunia ya chokaa na vijana wawili kwa wiki mbili. Basi.

Watu wanadhani nyumba hizi zinakufa kwa uzee. Zinakufa kwa maji jamani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, ukilowa unakauka, shida ni pale maji yanapoingia kila siku sehemu ile ile, hapo boriti inaoza kichwani ambako huioni, sakafu inalala, mche wa mkuyu unaota kwenye ufa na mizizi inapanua, halafu anakuja mtu na nia njema kabisa anapiga saruji juu ili kuziba, na saruji inafungia unyevu ndani, ndo mwisho wa habari. Yote hayo yanaanza na bati moja lililohama. Ukiliwahi mwaka wa kwanza ni kazi ya siku chache, ukichelewa miaka kumi ni mradi wa mamilioni ya dola, na mradi wa mamilioni ya dola ndo wafadhili wanaoutaka, una picha, una kibao, una siku ya kukata utepe. Bati lililorudishwa mahali pake nani atalipiga picha?

Beit al-Ajaib tuliiona sote. Lile jumba kubwa la Sultani Barghash pale Forodhani, la mwaka 1883. Mwaka 2012 kipande kilishadondoka, onyo lilikuwepo, kila mtu aliliona. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mzima ukaanguka, tena wakati ukarabati wa pesa za Oman unaendelea, na watu wawili wakafa. Wawili. Mimi siwezi kupita Forodhani bila kuwawaza. Pesa zilikuja, ila zilikuja jengo likiwa limeshachoka, na mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, ina maana dunia nzima ilikuwa inajua tupo.

Masharti mengine ya wafadhili nayataja tu. Hati ya umiliki, wakati nyumba nyingi huku ni za wakfu, au za serikali, au za mirathi na warithi wako Muscat, Dubai na London. Hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, kwa kikundi chetu cha watu tisa wanaokutana barazani. Na pesa za serikali ya Marekani kwanza ujisajili kwenye mfumo wao wa onlaini upate namba, mtandao ukikatika unaanza upya.

Nakubali, sitaki kuonea watu, wapo wanaosema wazi pesa zao ni za nini. Graham Foundation ya Chicago inatoa kwa vitabu, maonyesho, filamu na utafiti wa usanifu, ukiwa na kazi ya aina hiyo andika. Na magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatoka mwaka 2014, na pesa za nje zilisaidia sana, zikiwemo za mfuko wa mabalozi wa Marekani. Sawa. Kwa hiyo inawezekana. Hicho ndo kinachoniuma.

Halafu kila nikilalamika naambiwa mwangalie Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso. Namheshimu sana. Skuli ya Gando, kijijini kwao, ilikamilika mwaka 2001, akiwa bado mwanafunzi Berlin, na pesa alianza kuzikusanya kupitia chama alichoanzisha mwaka 1998 na michango midogo ya watu waliomjua. Midogo! Hakuanza na andiko la kurasa arobaini. Hiyo sehemu ya habari yake ndo haisemwi, wanarukia tu tuzo ya Pritzker ya mwaka 2022, ile tuzo kubwa ya usanifu.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Mfuko mkubwa uweke fungu hapa hapa, kwa chombo cha hapa chenye mafundi na msanifu, wao ndo watoe vipande vidogo mwaka hadi mwaka, ombi liwe karatasi moja kwa Kiswahili na picha mbili, fundi aende akaangalie, wiki mbili jibu limetoka. Ukaguzi waufanye kwa chombo hicho, wasimfanyie bibi wa ile nyumba yetu, aliyeweka sufuria tatu chini ya dari kukinga maji. Kwa gharama ya jengo moja lililoshaanguka, hebu pigeni hesabu mapaa mangapi yanazibwa.

Jana nilikwenda kumwambia huyo bibi. Aliniuliza, "Wamesemaje mwanangu?" nikamwambia bado tunatafuta, akaitikia "inshallah" na akaenda kumwaga maji ya ndoo.

Jumamosi tunapanda kwa pesa tulizochanga wenyewe, zinatosha boriti moja na gata. Chokaa tumeahidiwa. Kinachokosekana ni ngazi ndefu, kama unayo au unamjua mwenye nayo hapa mjini, nitumie ujumbe kabla ya Ijumaa.