Pikipiki Yangu Nimeitengeneza Iende Polepole

Hapa Masasi, mtu akisema amebadilisha pikipiki yake, wasikilizaji hudhani ameiongezea mwendo au amelikata bomba la moshi ili ingurume kuliko za wenzake. Mimi nimefanya kinyume. Kwa miaka miwili sasa, nyuma ya nyumba yangu, chini ya mwembe, nimekuwa nikiipunguzia pikipiki yangu ya 125 mwendo na uzito, na naandika makala haya kwa sababu naamini kwa dhati kwamba kazi hiyo ina faida kuliko kutafuta kasi, na kwamba vijana wa Mtwara na Lindi wenye pikipiki wangeipenda kama wangeifahamu.

Mchezo unaonipeleka huko unaitwa trayali. Mpanda pikipiki hupewa njia fupi iliyowekewa alama kati ya mawe, mizizi, maji au tope, naye hutakiwa kuipita bila kukanyaga chini. Akigusa ardhi mara moja anaandikiwa pointi 1, mara mbili 2, mara tatu na zaidi 3. Akishindwa kabisa kuipita ni 5, na mshindi ni mwenye pointi chache. Huko Uskoti mashindano ya siku sita ya mchezo huu yalianza mwaka 1909 na yanafanyika hadi leo. Sisi hatuna mashindano hayo, lakini uwanja tunao: aliyewahi kusimama chini ya milima yetu ya Mkomaindo au Mtandi na kuona jiwe tupu linavyoinuka ghafla kutoka kwenye tambarare ya mashamba ataelewa kwa nini nilipata hamu ya kulipanda taratibu, nikiwa nimesimama juu ya vikanyagio, injini ikizunguka kwa shida kama mzee anayepanda ngazi.

Injini yangu ni ya aina iliyoenea nchini mwetu, iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kukosa matunzo, ndiyo maana vali zake zinasukumwa na fito za chuma badala ya cheni ndogo ya ndani inayohitaji kuangaliwa mara kwa mara. Ni injini mvumilivu. Kwa bahati mbaya wengi wetu tumeuchukua uvumilivu huo kuwa ruhusa ya kutoigusa mpaka izime njiani, na hapo ndipo ninapotofautiana na majirani zangu, kwa sababu pikipiki ya kupanda mawe haina msamaha huo. Barabarani, injini ikikohoa kidogo unaongeza mafuta na safari inaendelea. Juu ya mwamba, ukiwa na nusu mita ya nafasi kila upande, kikohozi kimoja kinakuangusha. Kwa hiyo matunzo yametangulia mabadiliko yote niliyofanya, na ningemshauri kila anayeanza afuate mpangilio huo.

Nianze na chujio la hewa, kwa kuwa ndilo linalodhulumiwa zaidi huku kwetu. Vumbi jekundu tunalijua sote, lakini kuanzia mwezi Juni hivi, wakulima wanapopuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, huongezeka unga wa manjano ulio laini kuliko vumbi lolote. Mwaka jana nililifungua chujio baada ya wiki tatu tu za kupita mashambani, nikalikuta sponji lake limegeuka rangi ya ugali wa mtama uliomwagiwa bizari, na nilipolibonyeza kwa kidole, unga ukatoka kama kutoka kwenye kifuko cha poda. Injini ilikuwa ikivuta hewa kupitia hapo. Nililiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, nikalikamua bila kulisokota, nikalianika kivulini hadi likakauka kabisa, kisha nikalipaka oili kidogo na kulikamua tena ili lisidondoshe. Kazi hii haizidi nusu saa ya mikono. Wako wanaoliosha kwa petroli. Siwaungi mkono, kwa sababu petroli hulegeza gundi ya sponji, na ndoo ya petroli uani penye watoto na jiko la mkaa ni hatari isiyo na sababu.

Oili nayo ina jambo ambalo wapanda mawe wanapaswa kulielewa. Tumezoea kuhesabu kilomita, lakini pikipiki inayozunguka mlima mmoja asubuhi nzima inaweza kusoma kilomita nane huku injini yake imefanya kazi saa nne, tena bila upepo wa kuipooza, kwani inapozwa na hewa na yenyewe haiendi. Mimi nina daftari la shule ninamoandika saa, si kilomita, na kila zikitimia 20 ninamwaga oili ikiwa bado ya moto. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na katika mchezo huu klachi ndiyo inayoumia, maana unaibana na kuiachia nusu nusu muda wote. Kwa hiyo ninanunua oili yenye alama ya JASO MA, iliyotengenezwa kwa klachi za namna hiyo, hata kama ya gari ni rahisi zaidi dukani.

Sasa nije kwenye sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, ambayo kwangu ni badiliko lenye thamani kuliko yote. Nilipoinunua, pikipiki ilikuwa na meno 15 mbele na 42 nyuma, yaani sproketi ya mbele ilizunguka mara 2.8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Nimeweka 13 mbele na 48 nyuma, na sasa hesabu hiyo inakaribia 3.7. Maana yake, kwa mzunguko uleule wa injini, mwendo umepungua kwa takriban robo, na nguvu ya kusukuma gurudumu imeongezeka kwa karibu theluthi. Cheni ilinibidi niiongeze pingili mbili. Mpwa wangu, ambaye ni bodaboda, aliijaribu hadi barabara ya lami akarudi amenuna.

"Mjomba, umeiua. Gia zote zimekwisha na bado napitwa na baiskeli."

Nikamwambia, "Ipeleke kwenye lile jiwe la nyuma ya shule, gia ya kwanza, usiguse klachi."

Akaenda. Aliporudi hakusema kitu kuhusu mwendo. Aliuliza bei ya sproketi. Yeye hupeleka abiria na magunia kwenye njia za mlima kuelekea Newala, na aliona mwenyewe kwamba sproketi kama zile zingemwokolea klachi anazobadilisha kila mara. Simwambii mtu wa safari ndefu za lami afanye hivyo, kwa kuwa injini itapiga kelele bure na petroli itakwisha mapema. Kwa milima na michanga, nasimama na kauli yangu.

Kwenye upepo wa tairi nilikosea, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilifahamu kwamba wachezaji wa trayali huendesha tairi la nyuma likiwa na psi 4 au 5 tu, ili mpira ujilaze juu ya jiwe na kuling'ang'ania. Nikashusha langu hadi 6 nikapanda Mkomaindo. Raha niliyoipata ilidumu kama dakika kumi. Sikuwa nimezingatia kwamba matairi yao ya nyuma kwa kawaida hayana tyubu, na langu lina tyubu. Nilipolazimisha kupanda kingo ya jiwe, tairi lilizunguka ndani ya rimu, likaivuta tyubu, na mdomo wa kujazia upepo ukang'oka kabisa. Nilisukuma pikipiki hadi nyumbani katika jua la saa saba. Dawa yake ni kibano kinachofungwa ndani ya rimu kwa bolti ili kulishika tairi lisizunguke, lakini lazima utoboe rimu, na sikutaka. Nimebaki kwenye 12, nikapata sehemu kubwa ya mshiko bila kupoteza tyubu nyingine.

Kutotaka huko kutoboa rimu si woga. Ninaamini pikipiki ya mtu wa kipato cha kawaida, ambayo Jumamosi ni ya mchezo na Jumatatu ni ya kazi, isifanyiwe jambo lisiloweza kurudishwa. Fundi mmoja alinishauri tukate fremu ya nyuma kwa msumeno ili kuipunguza uzito, na nilikataa. Vikanyagio nilivirudisha nyuma sentimita tano kwa kuchonga chuma kipya kinachofungwa kwa bolti zilezile nne chini ya injini, bila kuchomelea. Kiti kirefu, keria, kinga za miguu na taa za ishara ninavivua nikifika mlimani na kuvifunga tena kabla ya kurudi barabarani, maana barabarani vioo na taa vinahitajika kisheria na kwa usalama wangu. Pikipiki halisi za mchezo siku hizi zina uzito wa kilo 70 hivi. Yangu, hata ikivuliwa yote hayo, haitazikaribia, nami sijiumizi kwa hilo. Lakini humkumbuka Sammy Miller, mpanda trayali wa Ireland Kaskazini, ambaye katika miaka ya 1950 na 1960 aliichonga pikipiki yake ya Ariel ya 500 kipande kwa kipande hadi ikawa nyepesi kuliko mtu yeyote alivyotegemea, kabla hajahamia Bultaco ya Hispania na kushinda nayo ile siku sita ya Uskoti mwaka 1965. Aliitazama kila bolti na kujiuliza inafanya nini pale.

Sproketi ya zamani ya meno 15 na ile ya 42 nimezipaka grisi, nimezifunga kwa gazeti na kuziweka kwenye kopo la maziwa pamoja na kipande cha cheni nilichokuwa nacho awali, na juu yake nimeandika tarehe niliyozivua. Mpwa wangu ameshanunua zake. Jumapili hii, baada ya kanisa, tutazifunga pamoja hapo chini ya mwembe. Nimemwambia spana ataishika yeye, mimi nitakuwa wa kumulika tochi.