Bati Lililoniangukia

Nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari mjini Morogoro, na kazi hiyo kwa hapa kwetu ina kitendawili chake: mtoto hujifunza sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha anapoingia kidato cha kwanza anaikuta oksijeni ile ile aliyoiacha imebadilishwa lugha, na mwalimu anayemfundisha kwa Kiingereza darasani ndiye huyo huyo anayemweleza upya kwa Kiswahili chini ya mwembe wakati wa mapumziko. Ndiyo sababu niliposikia kwamba kuna kikundi cha watu wanaojitolea kurekebisha makala za kemia katika kamusi elezo ya Kiswahili ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuihariri, nilijiunga siku hiyo hiyo. Nilikuwa na nia njema nyingi na ujuzi haba wa kompyuta, mchanganyiko ambao mtu wa kemia alipaswa kujua kuwa hulipuka.

Tulikuwa sita. Kiongozi wetu, ambaye sote tulimwita Mzee ingawa hakuna aliyewahi kumwona uso, alikuwa mwalimu mstaafu wa Bukoba na mmoja wa wakabidhi, yaani wahariri waliopewa mamlaka ya kufuta kurasa na kuwazuia wakorofi. Alikuwamo pia dada mmoja mfamasia wa Mombasa, kijana anayesomea uhandisi huko Eldoret, na wenzetu wawili ambao walikuwa wakisoma kila kitu na kuandika "naunga mkono". Mbele yetu zilikuwapo elementi 118 za mfumo radidia, na makala nyingi zilikuwa bado ni mbegu, jina ambalo wahariri huzipa makala zilizoanzishwa zikaachwa. Ungefungua ya niobi ukaambiwa kwamba ni elementi yenye namba atomia 41, kisha basi, kana kwamba mwandishi aliitwa kula na hakurudi tena.

Mtu asiyewahi kufanya kazi hii angedhani kwamba tulibishana juu ya kemia. Kemia haina ubishi: namba atomia ya kaboni ni 6, uwe Lamu au Lubumbashi. Tulichobishania ni majina. Siku tatu nzima zilikwisha kwa swali la kama tuandike hidrojeni au haidrojeni, dada mfamasia akitetea haidrojeni kwa hoja kwamba ndivyo wasemavyo watu wa hospitali, Mzee akijibu kwamba watu wa hospitali huandika pia kwa mwandiko usiosomeka na hakuna anayetutaka tuwaige katika hilo. Tukaja kwenye fedha, ambayo ni metali na pia ni kitu ambacho hakuna kati yetu aliyelipwa. Zebaki peke yake ilipita bila kupingwa, nadhani kwa sababu ni neno tamu kulitamka.

Kijana wa Eldoret ndiye aliyelianzisha la bati. Alisema kwamba Mswahili akitajiwa bati huinua macho juu, kwa kuwa analolijua ni la kuezekea, ilhali bati la kuezekea ni bamba la feleji lililopakwa zinki na halina hata chembe ya bati lenyewe. Bati halisi, lile lenye namba atomia 50, tunaishi nalo bila kulitambua: limepakwa kwenye makopo ya vyakula ili yasishike kutu, limo katika lehemu ya fundi redio, na limo ardhini kule Kyerwa, mkoani Kagera, ambako wachimbaji hulipata ndani ya mawe mazito ya kasiteriti. Kwa kuwa Kagera ni kwao, Mzee aliguswa. Tukakubaliana, wale wawili wakaunga mkono, kwamba elementi hiyo iitwe stani, kutokana na stannum ya Kilatini ambayo ndiyo iliyoipa alama yake ya Sn, na neno bati tuwaachie mafundi wa paa. Mimi nikaandika, kwa haraka ambayo hadi leo inaniuma, kwamba kazi ya kulibadilisha neno hilo niachiwe mimi, na kwamba nitaitolea wikiendi yangu yote.

Ipo programu ambayo wahariri huitumia kubadilisha neno moja katika makala nyingi. Unaipa neno la zamani na neno jipya, nayo inakuletea makala moja baada ya nyingine, sehemu iliyobadilika ikiwa imepakwa rangi, ili uisome kwa makini kabla ya kubofya Hifadhi. Jumamosi jioni niliijaribu, ikaniletea makala tisa. Tisa! Mtu aliyekwisha kutangaza mbele ya wenzake kwamba wikiendi yake yote imekwenda hawezi kurudi na makala tisa. Nikapekua mipangilio, nikaona kijisanduku kilichoandikwa "neno zima tu", kikiwa na tiki. Nikaiondoa tiki hiyo, na makala zikawa 214. Nilifurahi kuona jinsi bati lilivyoenea katika elimu ya Kiswahili.

Jioni hiyo watani wa jadi walikuwa wanacheza, na redio ilikuwa pembeni yangu. Sitadai kwamba nilizisoma zile sehemu zilizopakwa rangi. Nilibofya Hifadhi kama mtu anayepukuchua mahindi, kidole kikifanya kazi na masikio yakiwa uwanjani, na palipotolewa penalti nadhani nilihifadhi makala ishirini bila kupumua. Filimbi ya mwisho ilipolia nilikuwa nimezimaliza zote. Nikaenda kula ugali wangu nikijiona mtu aliyeitumikia lugha yake.

Jumapili, nikiwa nimetoka kanisani, nilikuta ujumbe kwenye ukurasa wangu wa majadiliano. Ulitoka kwa Mzee, na ulikuwa wa upole wa kutisha: "Mwalimu, salaam, na pole kwa kazi. Naomba unielimishe jambo moja. Yohane Mstanizaji ni nani?"

Niliusoma mara mbili. Kisha nikachukua karatasi, nikaandika juu yake neno Mbatizaji, nikalitazama herufi kwa herufi, na pale katikati nikaliona bati limejikunja kimya, kama nyoka ndani ya mzigo wa kuni.

Haikuwa Yohane peke yake. Ubatizo ulikuwa umegeuka ustanizo katika madhehebu yote bila ubaguzi. Matokeo ya uchaguzi wa rais wa Kenya wa Agosti 2017, ambayo Mahakama ya Juu iliyabatilisha tarehe 1 Septemba mwaka huo, sasa ilikuwa imeyastanilisha, na sidhani kama sheria ya nchi yoyote inaruhusu jambo hilo. Watu walikuwa wakitunza nguo katika kastani. Nyumba za vijijini zilikuwa zimeezekwa kwa mastani, yaani ule mkanganyiko tuliokesha kuuondoa nilikuwa nimeutoa kwenye kemia na kuupandisha juu ya paa kabisa. Lakini lililonifanya nikae chini ni Kiribati. Hii ni nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, iliyopata uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1979, na jina lake ni matamshi ya wenyeji ya neno Gilbert. Jambo la kuvutia, ambalo nililisoma asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza, likiwa chini ya kichwa "Historia ya Kiristani". Mhariri mwema nisiyemjua, alipoiona Kiristani, alikuwa amekwisha kuitoa katika jamii ya visiwa vya Pasifiki na kuiweka pamoja na nchi za Asia, jirani na Uzbekistani, na katika maelezo ya hariri yake alikuwa ameandika: "Nimerekebisha kosa la wazi."

Hapo mtu mwenye busara angemjibu Mzee, akaomba radhi na kusubiri maelekezo. Mimi nilifikiri kama mwalimu wa kemia. Nilijiambia kwamba huu ni mmenyuko unaoweza kurudishwa nyuma: kama bati limegeuka stani, basi nikiligeuza stani kuwa bati kila kitu kitarudi kilipokuwa, na Mzee, akifungua tena baada ya chakula cha mchana, atadhani macho yalimdanganya. Programu ilikuwa bado wazi, na tiki ilikuwa bado haipo. Nikaandika stani kwenye kisanduku cha neno la zamani na bati kwenye kisanduku cha neno jipya. Safari hii makala zilikuwa 391, na hata hilo halikunishtua, kwa kuwa nilikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka huona idadi kubwa kama kazi kubwa tu.

Nilichosahau, jambo ambalo ningemchapia mwanafunzi alama ya kosa kwa wino mwekundu, ni kwamba ndani ya chombo kulikuwa na stani nyingine tangu mwanzo.

Yohane alirudi kuwa Mbatizaji, na Kiribati ikapata jina lake. Ila sasa haikuwa peke yake duniani. Ilikuwa na ndugu: Pakibati, Kazakibati, Uzbekibati, na Afganibati yenye milima mirefu. Palikuwa na Mtakatifu Batislaus wa Polandi. Na kwa kuwa Waswahili ni watu wa kupenda miti na maua, kila bustani iliyowahi kutajwa katika kamusi elezo nzima, za mboga, za wanyama, za mimea na za kupumzikia wananchi, ilikuwa imegeuka bubati. Nilifungua kitabu cha kwanza cha Biblia kwa mkono unaotetemeka. Adamu na Hawa walikuwa wamefukuzwa kutoka Bubati ya Edeni.

Nilijaribu kuhariri, nikakuta siwezi. Nilikuwa nimezuiwa kwa saa 24, na kwenye nafasi ya kuandika sababu palikuwa na maneno matatu: "Kwa usalama wake." Usiku ule wakabidhi wawili, wakisaidiwa na dada mfamasia, ambaye asubuhi yake alikuwa na zamu, walikaa kurudisha makala moja moja hali yake ya juzi. Mimi nilikuwa natazama orodha ya mabadiliko ya karibuni ikipita mbele yangu, "imetenguliwa, imetenguliwa, imetenguliwa", bila uwezo wa kusaidia hata kwa herufi, na kusema kweli sikuombwa.

Nilidhani aibu hiyo ingebaki mtandaoni. Jumatatu asubuhi, mwalimu wetu wa dini, mtu wa makamo ambaye hana haraka na jambo lolote, aliingia ofisi ya walimu akiwa na madaftari mawili ya kidato cha pili. Wanafunzi wetu ni wa kutwa, na Ijumaa alikuwa amewapa insha fupi juu ya dhambi ya asili na ubatizo. Akayafungua yote mawili juu ya meza yangu. Katika daftari la kwanza, mwanafunzi alikuwa ameeleza kwamba dhambi iliingia duniani katika bustani ya Edeni na huondolewa kwa ustanizo. Katika la pili, dhambi iliingia katika bubati ya Edeni na huondolewa kwa ubatizo. Sikuhitaji kuambiwa zaidi: wa kwanza ni mtoto mwenye bidii aliyefanya kazi yake Jumamosi usiku, wa pili ni mvivu aliyesubiri hadi Jumapili jioni. Hakuna kamera ya ulinzi ambayo ingetoa ushahidi safi kuliko huo.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu wa sayansi. Bubati nitaiulizia kwa mwalimu wa kilimo. Hebu nisaidie hili la ustanizo."

Ningeweza kusema sijui. Badala yake, kwa ile tabia mbaya ya ualimu ya kutokubali swali lipite bila jibu, nikamweleza kwamba kwa kanuni za kuunda maneno, kustaniza kungekuwa ni kukipaka kitu stani, yaani bati, kama wanavyofanya kwenye makopo: bamba safi la feleji huchovywa katika bati lililoyeyushwa, na siku hizi hupakwa zaidi kwa umeme.

"Huchovywa," akarudia. "Hilo bati huyeyuka kwenye joto la kiasi gani?"

"Nyuzi 232 za selsiasi."

Akafunga madaftari polepole, akayaweka kwapani. "Basi," akasema, "Wakristo wa kwanza walikuwa na imani kubwa kuliko tunavyowafundisha watoto."

Zuio liliisha Jumatatu usiku. Nilipoingia nilikuta Mzee amegawa kazi upya. Makala ya stani alikuwa ameirekebisha mwenyewe, pamoja na zile nyingine nane zilizohitaji kubadilishwa, kwa mkono, kwa muda ambao alisema haukufika nusu saa. Mimi nilipangiwa potasiamu, ambayo mhariri fulani wa zamani alikuwa ameiita kali, kwa kuifuata kalium ya Kilatini, na kikundi kilitaka jina hilo nalo lirekebishwe. Chini ya jina langu palikuwa na maelekezo kwa herufi nzito: "Mwalimu, makala hii moja tu, na bila programu yoyote. Tindikali usiiguse. Serikali usiiguse kabisa."