Mdogo Wangu Anazalisha, Mimi Natazama

Wiki jana tulipelekwa wodi ya wazazi hapa Minnesota, Marekani, wanafunzi watatu wa uuguzi na mwalimu wetu. Mama wa watu alipoanza kusukuma tukaambiwa tusogee ukutani. Nikasimama kando ya pipa la taka, mikono nimeifumbata kama mgeni aliyekuja kuposa, nikatazama mtoto akizaliwa. Kisha nikaenda nyumbani kuandika ripoti ya kurasa 4 juu ya nilichokiona.

Usiku nikampigia mdogo wangu Mombasa kumsimulia. Akacheka mpaka simu ikamponyoka. Yeye alisomea uuguzi huko nyumbani, diploma ya miaka 3 yenye ukunga ndani yake, na kabla hajamaliza chuo alikuwa ameshapokea watoto zaidi ya 30 kwa mikono yake. Usiku mmoja alipokea watatu peke yake, maana sista wa zamu alikuwa chumba cha pili na mama anayevuja damu.

"Sasa dada, wewe huko unasomea nini hasa?"

Swali hilo nimezunguka nalo wiki nzima, kwenye basi na kwenye zamu.

KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza kidato cha nne, mimi nilipata C-. Diploma ya uuguzi Kenya inataka C, hatua moja tu juu yangu, na kwa hatua hiyo mlango ukafungwa nikiwa na miaka 18. Nikauza mitumba soko la Kongowea, Mombasa, nikaolewa, nikazaa. Nyumbani matokeo ya kidato cha nne ni kama kovu la chanjo begani, mtu anazeeka nayo. Hata mama mkwe wangu alikuwa akiyajua.

Tulipoangukiwa na bahati nasibu ya grini kadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, tukaja Minnesota. Nikafanya kozi ya msaidizi wa muuguzi, ambayo sheria ya serikali kuu inataka isipungue saa 75, nikaajiriwa kwenye nyumba ya wazee. Kuosha, kugeuza, kulisha, kubadilisha shuka. Ile kazi ambayo watu wakiwa nyumbani huifanyia mzaha mpaka siku wanapopata viza. Mwenzangu wa zamu ya usiku, mama wa Kisii mwenye wajukuu wawili, ndiye aliyenipeleka komyuniti koleji. Yeye mwenyewe alikuwa anaanza somo la mikrobayolojia. Nilipofika dirishani nikatoa cheti changu nimekikunja mara nne, kwa aibu. Kijana wa pale akakikunjua, akaona nimemaliza sekondari, akanirudishia. Hakuuliza C- ni kitu gani. Nilitoka nje nikakaa garini kidogo kabla ya kuwasha injini.

Kwa wasiojua, komyuniti koleji ni chuo cha umma cha miaka 2, karo nafuu, wazi kwa kila rika. Vyuo hivi vilianza kutoa digrii ya uuguzi mwaka 1952, kwa mradi wa majaribio wa Mildred Montag wa Columbia, wakati Marekani ilipokuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi baada ya vita. Anayemaliza hapa na aliyekaa chuo kikuu miaka 4 hufanya mtihani mmoja wa leseni, NCLEX, na wakifaulu leseni ni ile ile. Hospitali nyingi kubwa hupendelea wa miaka 4, hilo nalijua, miaka iliyobaki nitaiongeza baadaye nikiwa kazini. Na kwa kuwa nina grini kadi, niliweza kuomba ruzuku ya Pell, pesa za serikali za kusomea zisizorudishwa, ambayo mwaka wa masomo 2023/24 ilifika hadi dola 7,395 kwa mwenye kipato cha chini kabisa. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi haipati, tena karo yake huwa kubwa zaidi. Basi ukiambiwa na mjomba kwamba "Marekani shule ni rahisi", muulize kwanza ana karatasi gani.

Wala mtu asidhani ni mteremko. Unaanza na anatomia na fiziolojia, sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobayolojia, saikolojia, uandishi, na ukishayamaliza ndipo unaomba kuingia kwenye uuguzi wenyewe. Nafasi ni chache. Mara ya kwanza nilikataliwa. Na masomo hayo ya sayansi huisha muda kama maziwa ya pakiti: vyuo vingi havitaki yaliyopita miaka kadhaa. Yule mama wa Kisii alirudia mikrobayolojia aliyokuwa ameifaulu.

Mitihani nayo! Tumelelewa kwenye "taja" na "eleza". Hapa unapewa wagonjwa wanne, wote wanaumwa, unaulizwa utamwona nani kwanza. Majibu yote ni mambo ambayo muuguzi mzuri hufanya. Wanachotaka ni lile la kwanza. Kukariri kulinifikisha wiki ya tatu tu, nikapata alama 61, na kufaulu ni 78. Nililia chooni. Lakini katika hili nasema wazi, Wamarekani wametushinda. Mdogo wangu mikono yake inajua mengi kuliko yangu, ila aliwahi kuniambia kwa sauti ndogo kwamba nani wa kuonwa kwanza alijifunza kwa kumpoteza mmoja. Mimi nampoteza kwenye karatasi, napoteza alama mbili, mgonjwa hana habari.

Ambapo hawajatushinda ni hapa. Sisi mtu akikosa kuja kazini husema, "Niko hospitali, nauguza." Anamuuguza mamake, au shangazi, au jirani asiye na mtu. Neno hilo ni letu sote: hotipoti ya uji, kanga ya kujifunika usiku kwenye benchi, zamu za kina dada. Muuguzi mwenye sare ni wa sindano na dripu. Huku kuuguza ni kazi ya mwenye leseni, na leseni ina saa zake za kutoka. Nimewaosha wazee waliofariki bila ndugu hata mmoja chumbani. Ajuza wa miaka 91 anaitwa jina lake tupu, kama mtoto aliyetumwa dukani. Ulimi wangu ulikataa. Mmoja nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza, akadhani ni jina nililomtungia, akalipenda, akawaambia na madaktari.

Najua upande wa pili pia. Familia kuuguza wodini kwetu si mapenzi peke yake, mara nyingi ni kwa sababu muuguzi ni mmoja kwa vitanda 40. Na si kwamba hawapo. Mdogo wangu alikuwa chuoni wauguzi wa umma walipogoma mwaka 2017, kuanzia Juni hadi Novemba. Alipohitimu akakaa nyumbani zaidi ya miaka miwili akiuza maji ya chupa kivukoni Likoni, diploma iko kabatini, wodi hazina watu. Julai 2021 serikali ikatia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi wasio na ajira. Tunamfungia nje anayetaka kusoma kwa hatua moja ya alama, kisha aliyesoma tunamtafutia kazi kwenye nchi za watu. Mwenye kunielewesha hesabu hiyo anieleweshe.

Sasa yuko kwenye kandarasi, na ameanza kujisomea maswali ya NCLEX. Ananitumia picha ya swali saa nane usiku wangu, namjibu nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, tunabishana. Yeye huchagua kumgeuza mgonjwa, mimi huchagua kupima oksijeni.

Jumanne narudi wodi ya wazazi. Amenirekodia sauti ya dakika 6, jinsi ya kupapasa tumbo ujue mgongo wa mtoto umelala upande gani. Nimeisikiliza mara tatu kituoni nikisubiri basi, mikono mfukoni, vidole vikifuata anavyosema. Mwalimu akiniruhusu nisogee kutoka ukutani, nitajua pa kuiweka.