Poka si ovataimu

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la Wabongo wa hapa Houston mtu karusha picha ya chipu, vile vidude vya plastiki vinavyosimama badala ya hela kwenye poka. Marundo kwa marundo, nyekundu kwa kijani, na pembeni kikombe cha kahawa ili tujue ni alfajiri. Chini kaandika: "Usiku mmoja tu. Nyie endeleeni na boksi," yaani vibarua vyetu vya ghalani. Makofi yakamiminika, na vijana kadhaa, wengine hawajamaliza hata mwaka huku, wakaomba waelekezwe hicho "kipato cha pembeni" kiko wapi.

Nikauliza kistaarabu: kaka, uliingia na shilingi ngapi, na ulikaa saa ngapi? Hakujibu. Akajibu mwingine, kwamba mimi nina wivu.

Sasa niseme mapema, hasira yangu si ya kilokole. Poka naipenda. Naipenda kuliko mkeka wa kubeti mpira, maana mkeka ukishachanika huna la kufanya zaidi ya kumlaumu golikipa, ila kwenye poka unamsoma mtu usoni, unampiga mkwara na karata yako mbovu, anatupa yake nzuri. Raha yake haina mfano. Ninachokataa ni hili neno "kipato cha pembeni". Kipato kina hesabu, na hesabu ya poka ya mezani watu hawataki kuipiga, hasa mstari mmoja: makato.

Texas sheria hairuhusu mwenye ukumbi kuchota kwenye hela iliyoko mezani. Kwa hiyo vilabu vyetu vya karata vinajiita vya wanachama na vinakutoza kiti, kwa saa. (Uhalali wenyewe unabishaniwa mpaka leo. Mei 2019 viwili vya hapa Houston vilivamiwa, watu wakashtakiwa, miezi michache baadaye kesi ikafutwa, na karata zikaendelea kugawiwa.) Kiti kinaweza kuwa dola 10, kinaweza kuwa 15. Tuchukue 13. Meza ya watu tisa inatoa dola 117 kila saa, iwe umekula au umeliwa, iwe umecheza au ulikuwa chooni. Juu yake kuna bakshishi ya mgawa karata, dola moja moja kila anayekula. Kwa migawo 25 mpaka 30 kwa saa, weka dola 25 nyingine.

Haya, watu tisa wameketi meza ya moja-tatu (yaani dau la lazima la kuanzia ni dola moja na dola tatu), kila mmoja na dola 300. Mezani kuna 2,700. Baada ya saa tano, kiti na bakshishi vimeondoka na dola 710. Zaidi ya robo ya pesa yote imetoka mlangoni, na hakuna hata mmoja wa hao tisa aliyeibeba. Wewe na ujanja wako wote mnagombania kilichobaki. Halafu mtu ananiambia "mimi nawala maboya". Ndugu yangu, boya wa kwanza kuliwa kila saa ni wewe, dola 13 na ushee, kabla hujafungua karata.

Wapo wanaojiona wajanja zaidi. Wanakamata I-10 saa mbili na zaidi mpaka Lake Charles, Louisiana, kwenye kasino halali zisizotoza kiti. Kule nyumba inamega asilimia kumi ya kila mgawo hadi ifike kikomo cha dola kadhaa, mara nyingi na dola moja au mbili za mfuko wa bahati nasibu ya wachezaji juu yake. Migawo 30, wastani wa dola nne, ni 120. Umeendesha gari hadi jimbo jingine kwenda kulipa kilekile, na mafuta juu.

Makato haya hayaumi yakitoka, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mtu akipoteza dola 300 kwa ree mbili zilizopigwa na saba mbili, atakusimulia mwaka mzima, kwenye harusi, kwenye msiba. Dola 13 za saa hasimulii mtu. Ukikaa saa sita kila Jumamosi, kiti peke yake kinakula dola zaidi ya 4,000 kwa mwaka. Hiyo ni tiketi ya Dar, kwenda na kurudi, na mizigo, na ada ya shule ya mtoto wa dada yako aliyekutumia ujumbe tangu Januari na hujamjibu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna wanaotoka na faida. Meza za ana kwa ana bado ni laini kuliko za mtandaoni, ambako tangu 2015 hivi vijana wanajifunza kwa programu za kukokotoa kila uamuzi. Namjua mzee mmoja mstaafu anayekuja Jumatano mchana: hanywi, hazungumzi, anatupa karata kutwa nzima kama hana haraka na dunia, na ana kidaftari anachoandika alichoingia nacho na alichotoka nacho. Yule namwamini. Ila yule ana pensheni. Faida yake hailipi kodi ya nyumba ya mtu.

Maana hata ukiwa mzuri kweli, mambo yenyewe yanayumba. Mchezaji mzuri wa moja-tatu anaweza kutarajia kama dola 15 kwa saa baada ya makato, lakini ndani ya saa hiyohiyo kupanda au kushuka dola 150 ni kawaida. Kwa saa 100, faida unayoitarajia ni 1,500 na myumbo nao ni kama 1,500. Yaani katika wachezaji wazuri sita, mmoja atamaliza saa hizo akiwa ameliwa, na hakukosea popote. Saa 100 ni miezi minne ya Jumamosi. Mwambie mwenye apatimenti asubiri, myumbo utatulia.

Wengi bado wanaota ndoto ya 2003, yule mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliyeingia mashindano makuu ya dunia ya poka kwa mchujo wa bei chee mtandaoni akatoka Las Vegas na dola milioni 2.5. Kweli ilitokea. Washindani walikuwa 839 mwaka ule; 2024 walikuwa zaidi ya 10,000.

Halafu kodi, ambayo mwenye picha ya chipu hajawahi kuisikia. Ukitumia punguzo la kawaida kwenye fomu yako ya kodi, lile la kiasi kimoja kisichohitaji kuorodhesha matumizi, kama tunavyofanya karibu wote, hasara za kamari hazihesabiki kabisa. Siku ulizokula ndizo zinazotozwa. Ukiamua kuorodhesha matumizi na hasara zako moja moja, sheria iliyosainiwa Julai 2025 inasema kuanzia 2026 utapunguza asilimia 90 tu ya hasara. Ukila jumla dola 40,000 kwa mwaka na kuliwa 35,000, mfukoni una 5,000, ila serikali inakuhesabia 8,500.

Sasa cheka kidogo. Sheria hiyohiyo, kurasa zilezile, imempa nafuu mbeba boksi: ile nusu ya ziada ya ovataimu haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, hadi dola 12,500 kwa mwaka, mpaka 2028. Anayelipwa 20 kwa saa, ikipita saa ya arobaini anapata 30, Jumamosi ileile, usiku uleule. Na sijawahi kuona ghala linalomtoza mtu dola 13 kwa saa ili aruhusiwe kubeba.