Miwani ya askari iende pamoja na helmeti

Huku kwetu jeshi si jambo la kusikia redioni. Vijana wa Mbeya wanapita JKT Itende, wengine wanapelekwa Mafinga kule Iringa, na baadhi huishia kuvaa gwanda la JWTZ na kwenda Kongo kulinda amani. Kwa hiyo nina neno: jeshi lolote linalompa askari helmeti na fulana ya kuzuia risasi, kisha likamwacha macho wazi, limemkinga nusu.

Macho hayafiki hata asilimia 1 ya eneo la mwili. Lakini katika Vita ya Ghuba ya 1991, takribani asilimia 13 ya majeruhi wa Marekani waliumia macho. Watu hudhani ni risasi. Wengi huumizwa na vipande: chuma cha kombora, changarawe, kioo cha gari, mchanga uliorushwa na bomu la kutegwa ardhini. Kipande ambacho kikiingia pajani kinafungwa bandeji na maisha yanaendelea, kikiingia jichoni kinaweza kumaliza kazi ya askari siku hiyohiyo. Na kadiri helmeti na fulana zinavyoboreka, wanaonusurika huongezeka, ila uso unabaki wazi.

Kinga ipo, nayo ni lenzi ya polikaboneti, plastiki ngumu isiyosambaratika kama kioo. Miwani ya usalama ya kiwandani hujaribiwa kwa gololi ya chuma inayokwenda kama mita 45 kwa sekunde. Ya vita, kwa viwango vya jeshi la Marekani, lazima izuie kipande kidogo cha chuma kinachokwenda zaidi ya mita 190. Miwani myeusi ya mitumbani Mwanjelwa, hata ikikufanya ufanane na komando, usiitegemee kwa kazi hiyo.

Shida ni kuvaa. Mpe kijana mzigo mgongoni, mpandishe kilima asubuhi ya Juni pale Mafinga: jasho la uso linakutana na lenzi ya baridi, ukungu unatanda, haoni kitu. Ataipandisha juu ya helmeti, na mimi simlaumu, maana asiyeona mbele vitani naye yumo hatarini. Ndiyo maana lenzi iwe na dawa ya kuzuia ukungu, fremu ipitishe hewa, na kuwe na lenzi nyeusi ya jua na nyeupe ya usiku. Sura nayo isidharauliwe. Wamarekani walikuwa na miwani ya kijeshi mibaya kiasi kwamba vijana waliikwepa. Waliporuhusu yenye muundo wa kupendeza, uvaaji ukapanda.

Mazoea haya yaanzie kwenye mafunzo, kwenye shabaha na hata kwenye karakana ya kuchomelea. Tena afande aivae kwanza. Kuruta huangalia afande amevaa nini kabla ya kusikiliza anasema nini.

Kuna na jambo ambalo ningependa kila askari alijue hata kabla ya miwani kufika: jicho lililotobolewa halifikichwi, kipande hakichomolewi, na bandeji haikandamizwi juu yake. Linafunikwa kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, hata kitako cha kikombe cha plastiki, kinabandikwa kwa plasta kwenye mfupa unaolizunguka, na majeruhi anawahishwa kwa daktari.