Kifo cha Ken Lay na hatia iliyozikwa naye

Kenneth Lay, mwanzilishi wa kampuni ya nishati ya Enron, alifariki Julai 5, 2006 karibu na Aspen, Colorado, akiwa na miaka 64. Wiki sita kabla ya hapo, mahakama ya Houston ilikuwa imemtia hatiani kwa kuwadanganya wawekezaji na wafanyakazi juu ya hali ya kampuni hiyo, iliyoanguka mwaka 2001. Adhabu ilipangwa isomwe Oktoba 23.

Waliopoteza kazi na akiba Enron walisema ameponyoka. Kwenye ibada ya kumkumbuka Houston, iliyohudhuriwa na Rais mstaafu George H. W. Bush, mchungaji mmoja alimlinganisha na watu waliouawa na kundi la wenye hasira bila kosa. Wengine hawakuamini hata kwamba kafa: mwili ulichomwa, basi uvumi ukaenea kuwa yuko kisiwani anakula fedha zake. Uvumi huo tuuache. Uchunguzi wa maiti ulionyesha mishipa ya moyo iliyoziba vibaya.

Ubishi mwingi ulihusu jela. Jela lakini ndilo jambo jepesi katika mkasa huu, maana hakuna sheria inayomfunga maiti. Lililostahili kubishaniwa ni kilichotokea Oktoba 17, 2006, Jaji Sim Lake alipofuta hatia yenyewe.

Kwanza hasira, kwa sababu ina hesabu nyuma yake. Wafanyakazi wa Enron walikatwa sehemu ya mshahara na kuiweka katika mfuko wa akiba ya uzeeni. Kampuni nayo ilichangia, ila mchango wake uliingia kama hisa za Enron, si fedha, na mfanyakazi hakuruhusiwa kuziuza hisa hizo hadi afikishe miaka 50. Mwishoni mwa mwaka 2000, takriban asilimia 62 ya mali ya mfuko ilikuwa hisa za Enron. Agosti mwaka huo hisa moja iliuzwa kwa karibu dola 90. Kampuni ilipoomba kinga ya kufilisika Desemba 2, 2001, hisa hiyo haikufika dola moja. Tena, katikati ya anguko hilo mfuko ulikuwa unabadilisha wasimamizi, na kwa siku kadhaa za Oktoba na Novemba hakuna mwanachama aliyeweza kuuza chochote. Mtu alipoteza kazi na akiba kwa mpigo mmoja, kwa sababu vyote viwili vilitegemea kampuni ileile.

Katika kipindi hichohicho Lay alikuwa akiirudishia Enron hisa zake kulipia mikopo aliyochukua kwa kampuni hiyo, kiasi cha zaidi ya dola milioni 70 kwa mwaka 2001. Septemba 26 aliwaambia wafanyakazi kwenye mazungumzo ya mtandaoni kwamba hisa ziko bei ya kutupa na robo ya mwaka inakwenda vizuri. Wiki tatu baadaye, Oktoba 16, kampuni ilitangaza hasara ya dola milioni 618.

Waliomshangilia kifo mara nyingi walikosea juu ya kosa lenyewe. Lay hakutiwa hatiani kwa kubuni zile kampuni za pembeni zilizoficha madeni. Hiyo ilikuwa kazi ya mkuu wa fedha, Andrew Fastow, aliyekiri makosa, akatoa ushahidi na kupewa miaka sita. Kiini cha mashtaka dhidi ya Lay ni maneno: kwamba baada ya Jeffrey Skilling kujiuzulu Agosti 2001, naye Lay kurudi kwenye kiti cha mtendaji mkuu, alijua hali ni mbaya akaendelea kuwaambia wawekezaji na wafanyakazi kuwa ni nzuri. Jopo la raia 12 lilimkuta na hatia katika mashtaka yote sita. Jaji, akisikiliza peke yake, akaongeza manne kuhusu mikopo yake binafsi ya benki.

Upande wa utetezi nao haukuwa wa kupuuza. Sehemu kubwa ya utajiri wa Lay ilikuwa hisa za Enron, na alikuwa ameziweka dhamana kwa mabenki. Bei iliposhuka, mabenki yalidai fedha, naye akauza ili alipe. Hoja yake hadi mwisho ilikuwa kwamba Fastow alimdanganya na kwamba hofu ya soko ndiyo iliyoiua kampuni. Mahakamani alisema madeni yake yanazidi mali zake. Kwamba tapeli anayejua meli inazama angeshuka mapema zaidi ni hoja yenye mantiki, ingawa haifuti yale maneno ya Septemba 26.

Sasa ile hatia iliyofutwa. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, mshtakiwa akifa kabla rufaa yake haijaamuliwa, kesi nzima hurudi nyuma hadi mwanzo kana kwamba hakushtakiwa. Mahakama ya rufaa inayosimamia Texas ilikwenda mbali zaidi mwaka 2004: hata amri ya kuwalipa waathirika hufa. Kenya na Tanzania mambo ni kinyume. Huko kinachokufa ni rufaa, isipokuwa ya adhabu ya faini, na hukumu ya chini inabaki ilivyo.

Kwa waathirika, hasara ya vitendo ilikuwa hii: serikali ilikuwa inataka Lay anyang'anywe dola milioni 43.5 kupitia kesi ya jinai. Hatia ilipofutwa, njia hiyo ikafungwa, ikabidi kuanza upya kwa kesi za madai dhidi ya mirathi. Huko serikali haina tena hukumu ya kuegemea, bali inathibitisha kila kitu toka mwanzo huku ikisubiri foleni na wadai wengine. Hata hivyo, fedha kubwa hazikuwa kwake. Wenye hisa walirejeshewa takriban dola bilioni 7.2 kupitia makubaliano, na karibu zote zilitoka kwa mabenki yaliyoisaidia Enron, hasa CIBC, JPMorgan Chase na Citigroup. Aliyelia kwamba Lay kafa na akiba yake alikuwa anamdai mtu sahihi, lakini si mwenye uwezo wa kulipa.

Hoja ya kuifuta hatia ni kwamba rufaa ni sehemu ya haki. Hukumu isiyokaguliwa bado ni nusu ya hukumu, na marehemu hawezi kujitetea. Ni hoja nzito kuliko waliokasirika walivyokubali, kwani mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilisema kweli nadharia moja ya mashtaka dhidi ya Skilling, mshtakiwa mwenzake, ilitumiwa isivyopaswa. Lakini mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaamua kosa hilo lisingebadilisha matokeo, na hatia za Skilling zikabaki. Miaka yake 24 ilipunguzwa hadi 14 mwaka 2013.

Hapo ndipo ule utaratibu unapokosa mguu wa kusimamia. Mashaka juu ya hukumu ya Lay yangeweza kupimwa, kwa sababu yale ya mwenzake yalipimwa. Kuna majimbo ya Marekani yanayoruhusu msimamizi wa mirathi aendeleze rufaa kwa niaba ya marehemu. Massachusetts, mwaka 2019 katika kesi ya Aaron Hernandez, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyefariki kabla rufaa yake haijaamuliwa, iliacha kufuta kabisa: sasa jalada linaandikwa kwamba mtu alitiwa hatiani, alikata rufaa, na rufaa haikuamuliwa kwa sababu alifariki. Njia ya kwanza ndiyo bora. Familia iliyoamini kuwa Lay alionewa ingepata nafasi ya kulithibitisha hilo mbele ya majaji, na wafanyakazi wangepata jibu ambalo halikutegemea moyo wa mtu mmoja ulisimama lini.