Usimtanie usiyemzika

Msimamo wangu nauweka mbele ili mwenye kunipinga asisumbuke kuutafuta: Watanzania tukibishana kwenye simu na mtu tusiyemjua, tunamtolea maneno ya mtani ilhali hatuna utani naye. Hilo linatuharibia mazungumzo kuliko siasa na kuliko dini. Naandika kutoka Berlin, ambako nimeona watu wakibishana na mgeni kwa namna nyingine kabisa. Namna yao ina mambo ambayo ningependa tuyachukue, na ina ubaridi ambao sitaki kuuona kwetu hata siku moja.

Wasomaji wasio Watanzania wanisamehe nikieleza utani kidogo. Mimi ni Mpare wa Usangi. Watani wetu ni Wachaga. Mchaga ana ruhusa ya kusema mbele ya wakwe zangu kwamba sisi ni mabahili, kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, nami sina haki ya kununa. Namjibu kwamba Mchaga akizimia msiite daktari, dondosheni sarafu sakafuni muone kama hatafumbua jicho. Tunacheka, tunaendelea na chakula.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa jambo hilohilo. Kwenye msiba wa shangazi yangu, kaburi lilipokwisha kuchimbwa, mtani mmoja kutoka Rombo, mtu wa makamo aliyevaa koti lake zuri, alishuka akalala chali humo ndani. Akasema hazikwi mtu hapo mpaka alipwe, maana marehemu alikuwa na deni lake la mkungu wa ndizi tangu enzi za Mwalimu. Wajomba wakatoa noti, akazikataa, wakaongeza. Watu waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka na machozi bado yako mashavuni. Alipotoka alijipangusa udongo, akashika koleo, akafukia mpaka mwisho. Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba anasugua masufuria pamoja na kina mama.

Ulimi ule una kibali kwa sababu ya koleo na yale masufuria. Mtani ana haki ya kukusema kwa kuwa ana wajibu wa kukuzika, na wewe una haki hiyo na wajibu huohuo kwake. Hata mpira wetu tumeuweka humo. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na mpaka leo hatuwaiti maadui, tunawaita watani wa jadi. Pale Kariakoo huyu anaitwa Utopolo, yule anaitwa Kolo, kutwa nzima, na jioni aliyeishiwa nauli anamkopa huyohuyo aliyemzomea asubuhi. Anajua pa kumpata na anajua atamlipa lini.

Mwondolee mtani wajibu, kinachobaki ni mtu anayetukana.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwafanyia babu zetu wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kwenye kundi letu la Watanzania wa Ujerumani siku ile mjadala ulianza vizuri kuliko yote niliyowahi kuona. Mmoja akasema msamaha bila fidia ni maneno matupu. Mwingine akauliza fidia hiyo atapewa nani, ukoo, wilaya au serikali, na nani atahakikisha inafika. Dada mmoja akakumbusha kwamba mafuvu ya watu wetu bado yako kwenye makabati ya makumbusho humu humu Berlin, akataka hayo yarudi kwanza kabla ya kuzungumzia senti. Hoja juu ya hoja, na kila mmoja anajibu kilichosemwa.

Kisha mtu mmoja, ambaye hakuna aliyekuwa akimjua kwa jina wala kwa sura, akaandika: "Wangoni wenyewe wangekuwa na akili wasingeamini maji," akimaanisha ile dawa ya maji ambayo wapiganaji waliamini ingewakinga na risasi. Kwa mtani wa Wangoni, uso kwa uso, pombe ikiwa katikati, labda pangepatikana kicheko. Lakini humo kundini alikuwamo kijana wa Songea ambaye ukoo wake una watu walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, siku Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni kwa makumi na kuwatupa katika kaburi la pamoja. Alijibu kwa kumtukania mwenzake mama. Mwenzake akarudisha. Wengine wakaingia na makabila yao, na dini zao, na nani kaja Ulaya kwa njia ipi. Yule dada wa mafuvu alijitoa usiku ule na hajarudi. Hoja yake ilikuwa ya maana kuliko zote.

Niwaeleze na ubishi wa huku. Wedding, upande wa kaskazini wa Berlin ya kati, kuna mtaa mzima wenye majina ya Afrika, na ndani yake kulikuwa na barabara iliyoitwa Petersallee. Jina lilitolewa mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, yuleyule aliyekuja kwetu 1884 akikusanya saini za machifu kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, mtu aliyeitwa Mkono wa Damu. Alipokuwa Kilimanjaro, mwaka 1891 na 1892, alimnyonga mtumishi wake Mabruk na binti aliyekuwa akimweka nyumbani kwake, Jagodja. Serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi 1897. Mwaka 1986 wakubwa wa Berlin walijaribu kukata mzizi wa fitina bila kubadilisha kibao: wakatangaza kwamba Peters anayekusudiwa sasa ni Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Wanaharakati hawakukubali. Baraza la wilaya likaamua 2018 jina liondoke, wakazi wakaweka pingamizi, mambo yakafika mahakamani, na mwezi Agosti 2024 ndipo vibao vipya vilipotundikwa: kipande kimoja Maji-Maji-Allee, kingine Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek 1959.

Katika miaka hiyo ya pingamizi nilikuwa nikibishana na jirani yangu wa ghorofa ya pili, mstaafu, ambaye alipinga mabadiliko kwa nguvu zake zote. Kwenye mkutano mmoja wa wakazi tuliandikishwa majina kwa zamu, kila msemaji dakika zake, na mwenye kuendesha kikao akikata bila kuangalia sura ya mtu. Jirani alisema Carl Peters alikwisha kuondoka kwenye kibao tangu 1986, na kwamba wazee kama yeye watahangaika kubadilisha anwani benki, hospitali na kwenye kitambulisho. Nami nikasimama nikamweleza habari za Mabruk na Jagodja, nikasema hapo Kilimanjaro ni nyumbani kwa watani wangu na siwezi kupita chini ya jina la aliyewanyonga watu kule kila ninapokwenda kununua mkate. Kabla ya kunijibu alisema: "Kama nimekuelewa, unasema tangazo la 1986 halitoshi kwa sababu mpita njia haoni tangazo, anaona jina." Ndivyo hasa nilivyokuwa nikisema, na alikuwa amekisema vizuri kuliko mimi. Kisha akaniuliza habari za Jagodja nimezisoma wapi. Nikamtajia. Akakiri kwamba hilo hakulijua, akasema bado anapinga, akakaa.

Kesho yake alinishikia mlango nikiwa na mifuko ya sokoni. Hakuna kinyongo, hakuna kijembe. Kile kitendo cha kuirudia hoja ya mwenzako mpaka mwenyewe aseme "ndiyo, hivyo hivyo", kabla hujamjibu, ndicho cha kwanza ninachotaka tukichukue. Kingemwokoa yule kijana wa Songea na yule aliyemchokoza pia.

La pili ni umri. Kwenye mkutano ule binti ambaye sidhani kama alikuwa amefika miaka ishirini alimwambia diwani mzima kwamba takwimu zake si sahihi, akampa karatasi, na diwani akaisoma. Kwetu tunaita heshima kitu ambacho mara nyingi ni kunyamaza. Mzee akikosea mwaka wa tukio, kikao kizima kinainamisha vichwa. Mwanamke akiwa na jibu, anamnong'oneza mumewe alitoe yeye. Matokeo yake maneno yote tuliyoyameza mezani tunakwenda kuyatapika kwenye simu, kwa jina la bandia, juu ya kichwa cha mtu asiyehusika. Na hatukuwa hivi siku zote. Mwaka 1945 babu zetu walishuka milimani kwa maelfu wakaenda kukaa Same, wakigoma kodi ya mbiru, na bibi zetu nao waliingia barabarani kumkabili mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Walibishana na mtu wasiyemjua, mwenye bunduki, na wakasikika.

Lakini nisiwapambe Wajerumani. Nimebishana na yule jirani kwa miaka na hajawahi kuniuliza kwetu ni wapi hasa, wala kama nina mama. Mke wake alipofariki hakuna aliyegonga mlango wa mtu kutoa habari. Nilijua kwa kuona kwamba kwenye kengele ya chini, palipokuwa na majina mawili, limebaki moja. Nilipika pilau nikampelekea. Alisimama mlangoni na lile bakuli mikononi hajui afanye nini, maana hakuwa amezoea mtu wa upande ule kuja na kitu bila barua. Adabu yao inatoka kwenye utaratibu. Utaratibu ukiisha, kila mtu anafunga mlango wake, na msiba wa mtu ni wake peke yake. Hiyo hapana.

Kuna wanaodhani sheria itatufundisha. Ujerumani wana kifungu cha 185 cha sheria yao ya jinai: kumtukana mtu ni kosa, na faini inapimwa kwa kipato chako. Nimeona watu wakikitaja kwa haraka, lakini sijaona kikimfanya mtu amsikilize mwenzake. Nyumbani tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kisha zikaja kanuni za 2018 zilizomtaka mwenye blogu alipe ada zinazofikia shilingi milioni 2.1. Waliotulia ni wale waliokuwa wakiandika kwa majina yao na kwa hoja. Wenye matusi walibaki na akaunti zao feki.

Mimi naamini tiba iko kwenye salamu, na nasema hivyo kwa uzito wote. Kijijini ukikutana na mgeni njiani humrukii na hoja. Unamsalimu, unamuuliza ametokea wapi, mnatafutana mpaka mpate mtu mnayemjua wote wawili, hata akiwa fundi cherehani wa Mwanga aliyekwisha kufa. Mkishampata huyo, tayari kuna aibu kati yenu, ile aibu njema inayomzuia mtu kutaja mama wa mwenzake. Ndipo mnabishana, na mnaweza kubishana kwa ukali sana. Huku simuni tunaanzia mwisho.

Na sisi wa ughaibuni hatuna kisingizio kwamba hatujuani. Mtanzania akifariki huku, kusafirisha mwili mpaka nyumbani ni maelfu ya yuro, na fedha hizo huchangwa kwenye makundi yaleyale tunayotukaniana. Mweka hazina anaandika majina ya waliotoa, mstari kwa mstari. Nimeona kwenye orodha moja mtu na hasimu wake wa wiki iliyopita wamefuatana, yuro hamsini, yuro hamsini. Kwa hiyo wajibu wa kuzikana tunao tayari. Tunauficha mpaka mtu afe.

Mwezi ujao kundi letu linachagua viongozi wapya, na nitapeleka mapendekezo. Anayeingia ajitambulishe: jina, kwao, na nani ndani ya kundi anamjua. Anayetaka kumpinga mtu airudie kwanza hoja yake. Mdogo aruhusiwe kumsahihisha mkubwa, mradi aanze na shikamoo na alete ushahidi. Masihara ya kabila yabaki kwa watani wanaojuana. Kuna kaka mmoja amekwisha kunipigia kunipinga. Anasema wapo watu ambao hawawezi kutaja majina yao kwa sababu za kisiasa, ndugu zao wako nyumbani, na sharti la jina litawafukuza wao kwanza. Ana haki, na nimelala nikiliwaza. Jibu nililo nalo kwa sasa ni mdhamini: mtu huyo abaki na jina lake la bandia, lakini mwanachama mmoja anayemjua aseme mbele ya wote, "huyu namfahamu, akikosea niulizeni mimi." Kama kuna mwenye njia bora, aniambie kabla ya kikao.